Wakili wa Nyuki

Mzazi wa siku hizi akikabidhiwa karatasi na mtoto anayetoka shule, hupapasa mfuko kabla ya kupapasa miwani. Karatasi ya shule haijawahi kuja nyumbani kuleta kitu. Huja kuchukua. Itataka fagio la chelewa, jembe, kidumu cha maji cha lita 5, rimu ya karatasi, mchango wa uji, mchango wa mlinzi, na mwisho wa mwaka mchango wa kumuaga mlinzi yuleyule. Mimi nilidhani nimemaliza zamu yangu siku nilipostaafu ukarani. Lakini binti yangu anafanya kazi Dar es Salaam, mwanawe wa darasa la tano analala chumba cha pili hapa kwangu Tanga, na karatasi zimejua njia ya kunifikia.

Ile ya mwezi Mei ilikuwa na herufi kubwa juu: BUSTANI YA WACHAVUSHAJI. Kila mwanafunzi alete mche 1 wa maua, ndoo 1 ya samadi, chupa tupu 5 na shilingi 2,000. Nikamwuliza mjukuu hao wachavushaji ni kina nani.

“Ni nyuki, babu. Na vipepeo, na nondo, na ndege chozi, na popo.”

“Wote hao wanasoma hapo kwenu?”

“Hawasomi. Tunawapandia maua wapate chakula.”

“Na elfu mbili anaila nyuki yupi?”

Bibi yake akakohoa kutoka jikoni. Kikohozi kile nimekizoea, si cha moshi. Nikatoa elfu mbili.

Samadi ndiyo iliyoniuma zaidi. Nimekulia kijijini ambako kinyesi cha ng’ombe ulikuwa unakikanyaga bure, tena kwa kulalamika. Sasa nimesimama kando ya mkokoteni nabishana bei ya kiroba, na kijana mwenye mkokoteni ananiapia kwamba mzigo wake ni wa ng’ombe wa maziwa, si wa ng’ombe wa hivihivi.

Mche wa maua nao tuliufuata kwa wale jamaa wanaopanga vikopo barabarani. Mwenye biashara alituonyesha waridi nene, petali juu ya petali. Akatuonyesha na ua jingine jekundu la kung’aa, akasema linaitwa Dubai. Nikauliza, asili yake Dubai? Akasema hapana, ila wateja wanalipenda jina hilo. Basi nikamwuliza, kwa kumjaribu, kama ana lile ua la Usambara. Maana nasi tunalo la kwetu, lenye sifa kuliko Dubai zote. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta katika milima hii tunayoiona kwa mbali siku isiyo na mawingu, akampelekea baba yake Ujerumani, na wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo linakaa madirishani kwa mabibi wa Ulaya na Marekani, ndani ya vikopo, likinyweshwa maji kwa kipimo. Sisi wenye milima tunanunua Dubai. Yule kijana akanijibu kwamba ua hilo linataka kivuli na unyevu wa msituni, nikilipeleka kwenye jua la uwanja wa shule halimalizi wiki. Alisema kweli, na ndiyo maana sikumwomba anipunguzie bei.

Bustani ilizinduliwa 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2017. Mvua za masika zilikuwa bado hazijaaga, kwa hiyo tulizindua kwa matope. Mnaijua bustani ya shule ilivyo. Chupa zimefukiwa kichwa chini, mawe yamepakwa chokaa, tairi limepakwa rangi ya bluu, na kibao kimeandikwa USIKANYAGE MAUA kwa herufi zinazoanza kubwa na kuishia zimebanana kwa sababu mwandishi aliishiwa ubao. Ipo mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo mgeni yeyote lazima aione. Hakuna aliyeuliza kama nyuki nao huingilia ofisini.

Mwalimu wa sayansi, kijana mpole mwenye baiskeli, ndiye aliyeleta balaa. Aliwakalisha watoto kwa makundi mbele ya maua, kila kundi na daftari, wakachora mstari kila mdudu anapotua. Waliokaa kwenye Dubai walirudi na ukurasa mweupe. Waliokaa kwenye waridi walipata nyuki mmoja, naye aliingia, akazunguka, akatoka kama mtu aliyeingia duka la nguo akitafuta mkate. Waliotumwa nyuma ya vyoo, kwenye kishona nguo, na wale wa karibu na jiko, kwenye kivumbasi, waliishiwa karatasi.

Sababu yake, nilivyohubiriwa mezani jioni hiyo, ni kwamba waridi la kisasa limefugwa hadi sehemu zake za kutoa chavua zimegeuka petali. Linapendeza macho ya watu, na mdudu akifika anakuta ghala tupu. Hata bogenvilia yangu ya getini, ambayo nimeitunza tangu nijenge, nikaambiwa kwamba ile rangi yote ninayojivunia ni majani tu, ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati. Chakula kilinishinda.

Sasa tafadhali fuatilia jinsi serikali inavyofanya kazi, hata ikiwa serikali ya shule. Hesabu ilikwishaonyesha wazi nyuki wanakula wapi. Wiki iliyofuata zikaja habari kwamba kuna mgeni kutoka halmashauri, na amri ikatoka: magugu yote nyuma ya vyoo na karibu na jiko yang’olewe. Kivumbasi kilisalimika kwa sababu watoto walimwambia mwalimu mkuu kwamba kinafukuza mbu, jambo ambalo kila bibi wa pwani analijua, na mwalimu mkuu hangeweza kung’oa dawa ya mbu mbele ya mgeni wa halmashauri. Kishona nguo hakikuwa na cha kujitetea. Hakifukuzi kitu, kinashona tu. Kikang’olewa.

Na mnajua kilihamia wapi? Nyumbani kwangu. Mjukuu alirudi na wenzake, kila mmoja na mche mkononi umefungwa udongo kwenye mfuko, wakaipanda kando ya ukuta, upande wa njia ninayopita kwenda msikitini. Tangu utoto nimekichukia kishona nguo. Nimekichomoa kwenye soksi, kwenye kaptula, kwenye mashuka. Sasa kinamwagiliwa maji kwa bili yangu, na Ijumaa natoka na kanzu nyeupe nafika msikitini nimeota miiba hadi magotini. Imamu amekuwa akinitazama chini kabla ya kunitazama usoni.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba nyuki wamepata wakili, na wakili analala bure kwangu.

Nilikuwa na mpango wa kusakafia uwanja wa nyuma. Saruji nimenunua, fundi nimemwita. Wakili akatokea amekumbatia daftari, akamwonyesha fundi vitundu vidogo kwenye udongo mkavu karibu na karo. Akasema duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi wao hawana mzinga, hawana malkia, hawana asali; kila jike anajichimbia shimo lake ardhini na kulea watoto wake peke yake. Fundi, ambaye analea watoto watatu peke yake, akaguswa. Akafunga mwiko wake akaniambia, “Mzee, tuwasubiri wahame.” Saruji imeganda stoo.

Kuna na lile dudu kubwa jeusi linalotoboa mbao. Limetoboa nguzo za banda langu la kuku, limetoboa kenchi za ukumbini, na likipita sikioni unadhani pikipiki imeingia ndani. Nilipochukua ndala kulishughulikia, nikashikwa mkono. Huyo ni nyuki seremala, babu. Huyo dume anayekurukia usoni hana hata mwiba, anakutisha tu. (Nimewahi kufanya kazi chini ya wakubwa wa namna hiyo.) Na pasheni yako hii uliyoipandisha ukutani, ua lake ni kubwa, nyuki wa asali akiingia kunywa hagusi pale panapotakiwa kuguswa, anakunywa anaondoka. Anayeweza kazi ni huyu mnene, mgongo wake unafikia juu. Ukimuua, utakunywa juisi ya dukani.

Kwa hiyo ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mkopo wa miaka, kuna mpangaji asiyelipa kodi, anatafuna kenchi, na siruhusiwi kumgusa kwa sababu ya juisi.

Dawa ya kunyunyizia kunde nimeondolewa asubuhi, nikipuliza basi iwe jioni wadudu wamelala. Kisahani changu cha kahawa, kile cha maua ya bluu, kimetiwa maji na vijiwe na kuwekwa chini ya mpera ili nyuki wanywe bila kuzama. Mimi kahawa nanywea kikombe kitupu, kisahani wanacho nyuki. Na nikilalamika, bibi yake ananiuliza kama nataka wazame.

Ndipo siku moja nikachoka. Mtoto alikuwa akisoma kutoka daftarini kwamba, kwa ripoti ya kimataifa ya mwaka 2016, zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani zinategemea wachavushaji, kwa wingi au kwa uchache. Nikamwambia: mimi ni mtu wa ugali. Mahindi yanachavushwa na upepo, hilo nilifundishwa kabla mama yako hajazaliwa. Sidaiwi na nyuki. Na kesho nitakula kutwa nzima vyakula visivyodaiwa na mdudu yeyote, tuone kama nitakufa.

Bibi yake, ambaye hupenda sana ninapoanza mambo ya namna hii, akasema vizuri sana, na kwamba atapika hivyohivyo.

Asubuhi nikaletewa muhogo wa kuchemsha. Muhogo hupandwa kwa kipande cha mti, hauhitaji mdudu, nikashangilia. Chai? Chai ni majani, sukari ni miwa, ruhusa. Nikanusa kikombe: haina iliki. Iliki ya Amani, niliyoinunua mwenyewe, imebaki kabatini, kwa sababu iliki haizai mpaka nyuki apite. Nikatiliwa tangawizi. Tangawizi ni shina la ardhini. Karafuu nayo, nikafafanuliwa, ningeweza kupata nikitaka, kwa kuwa huchumwa kabla ua halijafunguka. Nilisema sitaki karafuu kwenye chai. Wakaandika.

Mchana ugali na mchicha. Mchicha hauna shida, upepo unautosha. Lakini umechemshwa maji na chumvi, maana mafuta ya nyumba hii ni ya alizeti kutoka Singida, na alizeti bila nyuki hutoa mapepe. Nikaomba tui. Nazi? Maua ya mnazi yana upepo na yana nyuki pia, kesi ikaahirishwa, tui likabaki jikoni. Limau halipo. Nikaomba angalau achari ya embe. Wakatazamana.

“Embe ni la nzi, babu.”

“La nani?”

“Nzi. Ndio wanaohudumia sana maua ya mwembe.”

“Na wewe,” bibi yake akaongeza, “kila siku unawapiga na gazeti.”

Dagaa wa kuchoma walinifariji, ingawa samaki bila limau wala pilipili ni kama anakuja kukusalimia tu. Jioni ndizi za kuchemsha. Ndizi zetu hazina mbegu, hazimsubiri mdudu. Hazikuwa na nazi, hazikuwa na mafuta, zilikaa kwenye sahani zikinitazama. Nikatoka bila kuaga kwenda barazani kwa wazee wenzangu, kumbe mtoto kanifuata na daftari. Muuza kahawa akanimiminia. Wakili akasema mti wa kahawa nyuki wakiutembelea huzaa vizuri zaidi, kwa hiyo ipo na haipo. Nikaacha kikombe. Kashata? Akafikiri. Kashata ya nazi hapana, kesi bado inaendelea. Kashata ya karanga ruksa, karanga hujichavusha zenyewe. Nikala kashata za karanga bila kahawa, kooni zikakwama, na wazee wote barazani wakapiga makofi.

Ili kurudisha heshima nikawasimulia habari ya kweli. Hawa nyuki wetu mnaowaita rafiki, mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika, Tanganyika ikiwamo, akawapeleka kwao ili apate uzao wa kuzalisha asali nyingi. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka. Wakachanganyika na nyuki wa huko na kusonga kaskazini, na mwaka 1990 walikuwa wameingia Texas, Wamarekani wanatengeneza filamu za kutisha juu yao. Hao ndio mnaowawekea maji kwenye kisahani changu! Mzee mmoja, mfugaji wa nyuki wa zamani, akasema ndiyo maana, mtu yeyote akisafirishwa bila kuulizwa atakuwa mkali. Mazungumzo yakahamia kwenye viza.

Nilijaribu njia nyingine. Kama kazi yenyewe ni kuhamisha unga kutoka ua moja kwenda jingine, nikasema, kwa nini mwanadamu asifanye mwenyewe, tukaachana na wadudu? Hapo nilijitia kitanzini, maana mtoto alikuwa ameshasoma habari za vanila. Mmea ule asili yake Meksiko, ukapelekwa kisiwani Réunion ukakaa miaka bila kuzaa ipasavyo. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akagundua kwamba ukiinua kiutando ndani ya ua kwa kijiti na kubana kwa kidole gumba, tunda linashika. Hadi leo wakulima wa vanila wa Kagera na Uganda hutembea shambani asubuhi ua kwa ua, kwa sababu kila ua hufunguka asubuhi moja tu, basi.

“Miaka 12, babu,” alisema, akinikazia macho. Yeye ana 11.

Kesho yake saa kumi na mbili nikaamshwa. Maboga yangu yalikuwa yanachanua, na ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Nikafundishwa kutambua dume, lenye kikonyo chembamba, na jike, lenye kiboga kidogo shingoni. Vunja dume, menya petali, pakaza kwenye jike. Nenda la pili. Mgongo wangu ulikubali majike machache ya mwanzo. Wakati mimi nimenyooka kutafuta pumzi, nyuki mmoja aliingia ua nililokuwa nimelikusudia, akatoka amejaa unga, akaingia la jirani, akamaliza mstari mzima. Hakuomba posho, hakuomba chai. Nikakaa kwenye ndoo nikamwacha, si kwa sababu nimekubali kitu chochote, bali kwa sababu kama yupo mtu wa kazi hiyo na anaipenda, mimi mstaafu namharibia ajira kwa nini?

Matokeo yake maboga yamekuwa mengi mno. Tumekula boga la nazi, boga la kuchemsha, futari ya boga wakati hakuna anayefunga. Msusa tumegawa mpaka majirani wakianza kuniona na kapu wanafunga mlango. Jirani wa upande wa kulia, mama mmoja mwenye mikorosho, ameanza kudai kwamba nyuki walionizalishia maboga wanaishi kwenye ukuta wake, kwa hiyo anastahili sehemu. Nikampa manne. Akasema ana nyuki wengi kuliko hapo. Wakili wangu, badala ya kunitetea, akamwandikia kwenye daftari.

Juzi tena, mvua za vuli zinaanza, imekuja karatasi. Safari hii wamekwenda kwa popo. Ua la mbuyu, inaeleza, hufunguka jioni, jeupe, linaning’inia, likitoa harufu ambayo popo huipenda, na kesho yake linaanguka. Darasa la tano litafanya uchunguzi wa usiku chini ya mbuyu likisimamiwa na mwalimu wa sayansi. Mbuyu wenyewe ni ule wa mpakani kwangu, mti ambao hata mwizi wa kuku huuzunguka kwa mbali giza likiingia, na ambao popo wake wanamaliza mapera yangu kila mwaka. Ruhusa yangu inaonekana imeshatolewa, sijui na nani, ingawa nimesikia kikohozi jikoni. Mwenyeji anaombwa mkeka, taa ya chemli na chai ya wanafunzi 46. Chini kabisa, kwa mwandiko ninaoufahamu, mtu ameongeza: iwe na iliki.